Ulipigwa Wapi Hasa?

Katika miaka ya 1980, Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji wa uso na taya nchini Uingereza, alishona nyuso nyingi zilizopasuliwa kwa glasi na chupa za bia. Alipolinganisha majeruhi wa hospitali na kumbukumbu za polisi, aliona kwamba sehemu kubwa ya mashambulio hayo polisi hawakuwa na habari nayo. Kuna waliochelea kisasi, kuna wasiomjua aliyewapiga, na kuna ambao wenyewe hawakupenda kuchunguzwa.

Huko Cardiff, Wales, ndiko ugunduzi huo ulikozaa kazi ninayoiheshimu kuliko mitambo mingi ya upelelezi inayosifiwa leo. Chombo chake kikuu ni karani wa mapokezi. Majeruhi anaingia usiku, damu inamtoka. Karani anaandika jina lake, halafu anaongeza maswali machache. Ulipigwa wapi hasa? Saa ngapi? Kwa silaha gani? Akijibiwa "mjini", bado hajapata kitu. Anahitaji jina la baa, au kona ya mtaa. Kumfanya mtu mwenye maumivu, pengine na pombe kichwani, ataje mahali bila kuhisi yuko kituo cha polisi ni ustadi mkubwa, na makarani wale hawajasifiwa vya kutosha.

Majina huondolewa kabla taarifa hazijatoka hospitali. Mchambuzi huziunganisha na za polisi, na polepole hujitokeza baa zilezile, saa zilezile za mwisho wa wiki. Hapo polisi, madaktari na halmashauri hukaa pamoja: doria inahamishwa, mwenye baa anaitwa, mtaa unaosongamana usiku unafungwa kwa magari, glasi za kawaida zinaondolewa na kuletwa za plastiki.

Taarifa hizo zilianza kutumika kikamilifu mwaka 2003. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliilinganisha Cardiff na miji 14 inayofanana nayo. Hadi 2007, waliolazwa kwa majeraha ya kupigwa Cardiff walikuwa wameshuka kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila watu 100,000. Katika ile miji mingine walipanda kutoka 5 hadi 8.

Waganga wakuu wa hospitali zetu, daftari la mapokezi mnalo tayari. Ongezeni safu moja ya mahali, na mwambieni karani asiandike "mjini".