Sifa ya Mseto

Pilau haikosi wa kuitetea. Mseto hauna wakili. Ni choroko na mchele vilivyopikwa pamoja hadi vikashikana, vikatiwa tui, na pembeni mchuzi wa papa au wa dagaa. Mtu huula, hunawa, huondoka bila kusema neno. Lakini miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na usiku wa Dar es Salaam kushuka hadi nyuzi 18 au 19, hicho ndicho chakula ningempa mkazi yeyote wa Mchikichini anayelalamika kwamba tumbo limejaa gesi.

Vitu vyake havihitaji safari. Kutoka Mchikichini hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu, na huko choroko hupimwa kwa kilo au kwa kisado, tangawizi hupangwa mafungu, binzari nyembamba na pilipili manga hufungwa katika vipakiti vidogo vya kumtosha mwenye sufuria moja. Asiyetaka kusukumana na watu sokoni hupata karibu vyote dukani kwa Mangi wa mtaani. Nyama haimo, wala mwili haudhulumiwi: protini ya mchele ina upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, na choroko zimejaaliwa lisini tele, zilichokosa choroko, mchele nao hukifidia.

Wahindi wana chakula hichohicho. Wao hukiita khichdi, hukitia samli, na waganga wa Ayurveda, tiba yao ya asili, hukichagua kwa mgonjwa, mzee na yeyote ambaye tumbo lake limechoka. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 kabla ya kwenda India, aliandika kwamba Wahindi hufungua kinywa kwa choroko na mchele wenye samli. Wala pwani yetu haikumngoja yeye: Komoro, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata punje za mchele na choroko za kati ya karne ya 8 na ya 10. Bahari moja ilibeba mbegu zile, na kila ufuko ukapata mkono wake wa kuzipika.

Ayurveda hufundisha kwamba tumboni mna moto, uitwao agni. Baridi ya nje huufungia ndani, ukazidi ukali, ukataka chakula cha moto chenye mafuta na uzito. Mafundisho hayo yalizaliwa penye baridi ya kweli. Anayeyabeba mazima hadi Ilala ya Dar es Salaam atajaza samli tumboni kana kwamba analala chini ya Himalaya. Mpishi wa pwani alishayapunguza kwa kipimo cha hali ya hewa yake. Mahali pa samli ana tui. Hapo mganga wa Ayurveda angeguna, maana kwake nazi ni kitu cha kupoza mwili. Mpishi humjibu kwa tangawizi na pilipili manga, ileile inayotiwa kwenye uji wa mzazi. Hoja zao hukutana sufuriani bila mmoja kumtukana mwenzake.

Si lazima mtu auamini moto ule ndipo auone ufundi. Mbegu za jamii ya kunde zina sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha, gesi ikatoka. Sasa mtazame mpishi. Jioni huzichambua choroko kwenye ungo, akatoa vijiwe na zilizotobolewa na wadudu, akaziloweka. Asubuhi humwaga maji yale, na sehemu ya sukari hizo ikaenda nayo. Mwenye nafasi huwa ameziparaza na kuzipepeta maganda kabla ya kuziloweka. Choroko hutangulia motoni. Mchele huzifuata zinapoanza kupasuka, kwa kuwa vikiingia pamoja mchele utarojeka na choroko zingali ngumu. Tui jepesi huivisha. Tui zito hungoja mwisho, moto ukiwa umepungua, lisije likakatika. Binzari, kitunguu na tangawizi hukaangwa kwa mafuta kidogo hadi harufu ipande, ndipo vimiminwe juu. Kisha mfuniko, makaa machache juu, machache chini, na subira.

Kila hatua hapo ni kazi ambayo tumbo lingeachiwa peke yake. Mpishi huanza kulisaidia tangu chakula hakijaonjwa. Tumbo linalouma wiki nzima lina daktari wake. Mseto ni kwa tumbo zima lililochoshwa na chipsi za saa nne usiku.

Na unafuu wake watu huukosea. Husema ni chakula cha bei ndogo kwa kuwa choroko zina bei ndogo. Choroko zisizolowekwa hula mkaa, na mkaa wa mjini hununuliwa kwa kopo. Pesa uliyoiokoa sokoni huishia jikoni. Kuloweka hakuna bei. Kunataka tu mtu aliyeifikiria kesho kabla hajalala. Mama lishe anayewapikia wachuuzi wa mitumba wa soko la Karume analijua hilo kuliko sisi tunaoandika. Mteja wake hana mahali pa kujinyoosha baada ya chakula. Akilishwa kunde zilizoharakishwa, atazibeba mchana kutwa pamoja na belo lake. Kwa huyo, chakula chepesi tumboni ni sehemu ya ujira.

Ndiyo maana nauhesabu mseto kuwa ufundi, wala si umaskini uliovumiliwa. Pilau humruhusu mpishi kujificha nyuma ya nyama na viungo vingi. Mseto haumfichi: vitu vyake vyote vinajulikana, na bei zake pia. Anayetaka kumpima mpishi wake asimuulize ametia nini. Amuulize alianza lini.