Jina la Uhuru na Chombo Kisicho na Jina

Mtu aghalabu husifiwa kwa jina lake kabla hajajulikana kwa kazi yake, na vyombo vya angani navyo ni vivyo hivyo. Nakuomba tuyatazame majina mawili kama tuyatazamavyo mashairi mawili darasani, tuone lipi lasema kweli na lipi lapendeza tu. Ombi langu limezaliwa na insha moja niliyoisahihisha usiku wa ukungu hapa Mwanda, katika milima ya Taita. Mwandishi wake, mwanafunzi wa kidato cha pili, alidai kwamba Kenya ilirusha chombo chake angani mwaka 1970 na kukiita Uhuru. Nilishika kalamu ya wino mwekundu nikamkata alama tatu. Asubuhi alinijia, akaniamkia, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, basi chetu kilikuwa kipi?" Sikuwa na jawabu, nikamwambia aende darasani.

Makosa ya insha ile yalikuwa wazi. Jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma baharini karibu na Malindi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa petu, lilikuwa la Waitalia, nao waliongozwa na Profesa Luigi Broglio. Roketi, jina lake Scout, ilikuwa ya Wamarekani, na chombo kilikuwa chao vilevile. Kiliruka tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, na Marjorie Townsend, aliyeisimamia kazi hiyo katika shirika la NASA, akakipa jina la Kiswahili kwa heshima ya siku na ya wenyeji.

Kwa sikio, jina hilo halina ila. Lina irabu moja tu iliyorudiwa mara tatu, hutamkika kwa pumzi moja, na Mtaliano na Mmarekani hulisema bila kuvunja ulimi. Walakini mhakiki hana budi kuuliza jina lasema nini. Uhuru lasimulia habari za siku, halisimulii habari za kazi. Chombo kile kilitafuta nyota zitoazo mionzi ya eksirei. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alishiriki Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Hakuna hata chembe ya hayo ndani ya jina. Zaidi ya hapo, jina liliwafanya wengi waone kwamba kuitwa kwa lugha yetu ni sawa na kuwa mali yetu. Mwanafunzi wangu hakuwa wa kwanza kunaswa.

Sasa tazama chombo cha pili. Miezi kumi na mmoja baadaye, tarehe 15 Novemba 1971, roketi nyingine ya Scout ilipaa kutoka jukwaa lile lile. Chombo ilichokibeba kiliitwa Explorer 45. Jina gani hilo? Ni namba, kama ya mfungwa au ya gari. Hakuna mtoto aliyeitwa kwa jina hilo, wala sijapata kuisoma insha inayolitaja. Hata hivyo, kati ya viwili hivyo, hiki ndicho kilichokuja kusoma jambo linalotuzunguka sisi wenyewe: sumaku ya dunia, na chembe zenye umeme zinazokaa ndani yake.

Ukitaka kuijua sumaku hiyo, huna haja ya roketi. Ning'iniza sindano ya kushonea kwa uzi hata ilale sawasawa, kisha isugue kwa sumaku. Itageuka ielekee kaskazini na kusini, na hapa kwetu ncha yake ya kusini itainama. Nguvu iinamishayo sindano hiyo haikomei kwenye paa la darasa, bali hupanda maelfu na maelfu ya kilomita. Explorer 45 kilisafiri humo kwa njia ndefu yenye umbo la yai, kikipanda zaidi ya kilomita 26,000 na kushuka tena karibu na dunia kwa muda usiotimia saa nane. Juu ya ikweta, mbali kuliko mawingu yote, chembe zilizonaswa huizunguka dunia, protoni zikielekea magharibi na elektroni zikielekea mashariki. Mwendo huo ni mkondo wa umeme, wenye umbo la pete kubwa kupita dunia yenyewe. Dhoruba ikitoka kwenye jua, pete hupata nguvu, na sumaku tuipimayo hapa chini hupungua kidogo. Chombo hakikungoja sana: mwezi mmoja baada ya kurushwa, kati ya tarehe 16 na 18 Disemba 1971, dhoruba ilifika, nacho kilikuwa ndani yake kikipima.

Ajabu ni kwamba vyombo hivi viwili vilipendelea ikweta kwa sababu zinazopingana. Uhuru kilizunguka chini, karibu na ikweta, ili kizikwepe chembe zile, maana zingeharibu hesabu zake. Explorer 45 kilijitosa katikati yao. Bahari moja, roketi za aina moja, makusudi mbali mbali.

Hapa nina lalamiko juu ya sisi walimu. Tukifundisha habari hizi husema kwamba sumaku ni ngao ya dunia. Sitiari hiyo ni nusu ya kweli. Ngao hurudisha mshale nyuma, haiuweki. Sumaku ya dunia hugeuza nyingi katika chembe zitokazo kwenye jua, ila nyingine huingia zikazungushwa humo, wakati mwingine kwa siku nyingi. Mvuvi wa Malindi angelisema jambo hili vizuri kuliko sisi, kwani yeye anajua dema: samaki wengi hupita kando, na aingiaye hukawia kutoka.

Kwa sayari nyingine, maneno hututatiza kwa namna nyingine. Majina ya zamani tunayo, Zuhura, Mshtarii na Zohali, tena ni mazuri; taabu ni mwezi. Mwanafunzi mmoja alisoma kwamba Mshtarii ina miezi minne mikubwa, akauliza mwaka wa huko una misimu mingapi. Nilicheka, kisha nikaona kosa si lake. Mmoja wa miezi hiyo, Ganymede, una sumaku yake mwenyewe, jambo lililogunduliwa na chombo Galileo mwaka 1996. Na mwaka 2005, chombo Cassini kilipopita karibu na Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali, kipima sumaku ndicho kilichotoa fununu kwanza: nguvu ya sumaku ya Zohali ilikuwa imepinda pale, kana kwamba kuna hewa. Michele Dougherty, aliyekulia Afrika Kusini na kuongoza kazi ya kipimo hicho, aliwashawishi wenzake chombo kisogezwe karibu zaidi. Kilisogezwa mwezi Julai, na huko wakaona mvuke wa maji na barafu ukifoka kutoka kusini mwa mwezi ule.

Nirudi kwenye swali la mwanafunzi. Nilimwita jioni. Nilimwambia kwamba mahali palikuwa petu, na neno lilikuwa letu. Na kwamba mwaka 2023 Taifa-1, chombo cha Kenya kweli, kilirushwa kutoka Kalifonia kwa roketi ya Wamarekani, hivyo safari hii chombo kilikuwa chetu, na mahali palikuwa pa wengine. Alifikiri, akasema neno si kitu kidogo, maana Wamarekani hao wenyewe wangeweza kukiachia namba. Sikuweza kumpinga. Nilimrudishia alama mbili, nikabakiza moja kwa ajili ya jukwaa la Waitalia, nikampa kazi ya kukitafutia Explorer 45 jina la Kiswahili litakalosema kazi yake. Hadi leo ameleta manne, nami nimeyakataa matatu.