Kumpima Wakili wa Talaka Tabora

Wakili wa mashauri ya talaka hupimwa kwanza kwa karatasi moja: hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ukiacha hali chache maalumu, ombi la talaka halipokelewi bila hati hiyo, nayo isizidi miezi 6 tangu itolewe. Tabora, mji wa njia panda ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, wenye misikiti na makanisa ya siku nyingi, wanandoa huweza kupitia baraza la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au la kanisa. Wakili mahiri huisoma hati kabla ya kutaja ada yake. Je, wote wawili waliitwa? Imeandikwa wazi kwamba usuluhishi umeshindikana? Karatasi inayosema tu kuwa mume ametoa talaka haitoshi, na shauri lililojengwa juu yake huweza kufutwa kwenye rufaa baada ya miaka ya kuhangaika. Asiyeuliza habari za hati aachwe, hata awe na sauti ya kutikisa mahakama.

Kwenye mali ndiko ufundi unakoonekana zaidi. Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya tumbaku, na mara nyingi malipo huingia kwa jina la mume aliye mwanachama wa ushirika. Wakili dhaifu huandika "nusu kwa nusu" akanyamaza. Mjuzi huuliza nani alimwagilia vitalu, nani alichuma, nani alikesha akichochea moto wa bani la kukaushia tumbaku, nani alipanga madaraja. Kisha hutafuta majirani wa kuthibitisha majibu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa hupima mchango wa kila mmoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wengi hulitaja shauri hilo. Wachache hukumbuka kwamba rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilitupwa.

Kuhusu watoto, wazee wa Kinyamwezi huuliza kama mahari ilitolewa, maana kimila ndiyo huamua mtoto ni wa upande gani. Kifungu cha 125 huruhusu mila kusikilizwa, lakini ustawi wa mtoto hutangulia, na aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa bora abaki kwa mama hadi ithibitishwe vinginevyo. Wakili mzuri huja na habari za shule, matibabu na mlezi wa kila siku. Anayeahidi ushindi hana habari hizo.

Leseni ya wakili huhakikiwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hushauri na kuelekeza, lakini si wakili.

Rufaa ya shauri la ndoa kwenda Mahakama Kuu, yenye kanda yake hapo Tabora, hukatwa ndani ya siku 45. Wakili asiyeweza kuzitaja siku hizo bila kupekua vitabu hastahili kulipwa.