Mteja, Bandari na Kuingia: Uhakiki wa Istilahi za Michezo ya Maandishi

Kijitabu kinachohakikiwa hapa ni kurasa chache zilizopigwa chapa kwa ajili ya darasa la jioni la kompyuta huko Chake Chake, Pemba. Hakina jina la mtungaji, nasi hatukusudii kumtafuta. Kinafundisha kazi moja tu: kuandika programu ndogo itakayoungana na kompyuta ya mbali, itaje jina la mchezaji, na kumfikisha ndani ya mchezo wa maandishi. Ni kazi ifaayo kwa mwanafunzi, kwani haihitaji mashine yenye nguvu. Mtungaji astahili sifa kwa kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, baadhi ya istilahi zake zina kasoro, na kasoro hizo zinaiharibu kazi yenyewe.

Michezo hii si mipya. Ule ulioipa aina nzima jina lake, yaani MUD, ulianza kuandikwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha ukaendelezwa na Richard Bartle. Wachezaji wengi hukutana katika ulimwengu uliojengwa kwa maneno matupu. Njia ya kale ya kuifikia michezo ya namna hii ni Telnet, ambayo kanuni zake zilisanifishwa mwaka 1983.

(a) Mteja. Kijitabu kinaiita programu iombayo huduma "mteja". Tafsiri hii imeenea, lakini mteja wetu ni mtu anunuaye. Tena simu zimetuzoeza kuambiwa kuwa mteja hapatikani, na katika lugha ya vijana "teja" ni mtumiaji wa dawa za kulevya. Wanafunzi walicheka. Kicheko peke yake si hoja ya kulikataa neno. Hoja ni maana iliyopotea. Sifa kuu ya programu hii ni kwamba ndiyo inayoanza kuita, na seva ndiyo inayoitika. Wako wanaopendekeza "mgeni", kwa kuwa kompyuta ya upande wa pili huitwa "mwenyeji". Pendekezo hili linavutia, lakini katika mchezo wa LambdaMOO, ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, mgeni ni mchezaji asiyejiandikisha. Neno moja halitabeba mizigo miwili katika somo moja. "Kibishi", kutokana na kubisha hodi, nalo halifai: kubisha ni kugonga mlango, ni kupinga kauli ya mwenzio, na kwa mabaharia ni kwenda dhidi ya upepo. Mpaka lipatikane neno lililo bora, "programu ya kuita" yatosha.

(b) Bandari. Namba inayotenganisha huduma mbalimbali ndani ya kompyuta moja imeitwa "bandari". Mpemba hahitaji kufundishwa bandari ni nini. Anazijua Mkoani na Wete. Chombo huenda bandarini kwanza, ndipo kifunge gatini. Hapa kompyuta ndiyo bandari, na namba ndiyo gati. Kuandika "nenda kompyuta fulani, bandari 23" ni sawa na kumwambia nahodha aende Mkoani, bandari ya Wete. Neno "gati" lingewapendeza watu wa pwani, lakini istilahi ni ya taifa zima. "Mlango" unajulikana Pemba na Dodoma pia, nao unakubaliana na hodi. Basi tuseme "mlango 23", ambao ndio mlango wa kawaida wa Telnet, na kila mchezo utaje wake.

(c) Kuingia. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Kijitabu kinatumia "kuingia" kwa mambo mawili: kuungana na seva, na kujitambulisha kwa jina na neno la siri. Matokeo yake yalionekana darasani. Mwanafunzi mmoja aliandika amri zake zote mfululizo. Programu ikatuma jina na neno la siri kabla seva haijauliza lolote, na ikakataliwa. Alilaumiwa yeye, ilhali alitii alichosoma: kuingia ni tendo moja. Michezo yenyewe hutofautiana. Ile ya ukoo wa DikuMUD, uliotoka Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1991, huuliza jina, husubiri, kisha huuliza neno la siri. LambdaMOO hupokea vyote viwili katika mstari mmoja. Kwa hiyo zahitajika istilahi tatu: "kuungana", "kungoja ulizo", na "kujitambulisha". Kuingia ni matokeo ya hayo matatu. Mtu hubisha hodi, hungoja kuitikiwa, hujitaja, ndipo hukaribishwa. Adabu ya mlangoni ingemfundisha mwanafunzi huyu vizuri zaidi kuliko kijitabu chake.

(d) Neno la siri. Istilahi hii twaikubali. "Nywila" imeenea katika mitambo, lakini waliozoea kutuma pesa kwa simu wanaijua "namba ya siri", na siri ndiyo msingi wa maana. Ila kijitabu kimenyamaza pasipofaa. Telnet ya kawaida hulipeleka neno hilo wazi njiani, na programu iliyoandikwa hivi huliacha wazi pia ndani ya faili. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya mafundi waihamie SSH, iliyotungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland. Kumwambia kijana kwamba neno ni la siri bila kumwambia ni siri kwa nani ni kumpa kufuli bila ufunguo. Atalitumia neno lilo hilo kwenye pesa zake.

Twamshauri mtungaji asikiache kijitabu chake, bali akipige chapa upya. Nasi wa istilahi tujifunze: neno halithibitishwi kwa kulitazama katika orodha, bali kwa kulipa kazi ya kufanya, na kuangalia kama kazi imefanyika.