Juu ya Istilahi "Breki ya Injini"

Lori litokalo Bumbuli na shehena ya chai au mboga hupitia Soni, kisha huteremka kona kwa kona hadi Mombo. Tukilikadiria lori hilo kuwa na uzito wa tani 10, na kimo linachoshuka kuwa mita 800 hivi, basi joto litakalopatikana iwapo breki za magurudumu peke yake ndizo zitakazolizuia latosha kuchemsha lita zipatazo 250 za maji. Viatu vya breki haviwezi kustahimili joto hilo kwa muda mrefu. Ndiyo maana dereva aliyezoea milima ya Usambara hushuka na gia nzito, na asiyeizoea hupiga frii ili kuokoa dizeli.

Huko kushuka na gia ndiko kunakoitwa "breki ya injini" katika tafsiri nyingi za maandishi ya magari. Sina ugomvi na jina hilo. Ugomvi wangu ni kwamba jina hilo hilo hupewa vitu vingine vitatu visivyofanana. Kipo kibati kinachoziba bomba la moshi ili injini ipate taabu ya kupumua. Upo mtambo unaofungua vali za moshi wakati usio wake. Na kipo chombo kinachozuia mwendo kwa kuvuruga oili ndani ya nyumba yake, ambacho mara nyingi hakimo katika injini kabisa, bali kimefungwa kwenye giaboksi.

Huo mtambo wa vali unastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndio unaowapotosha wafasiri. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli wa Marekani, alikuwa katika lori lililoshindwa na breki kwenye mteremko wa Cajon, California, akanusurika kugongana na treni. Baadaye aliufikiria mkasa ule. Katika injini ya dizeli, hewa iliyogandamizwa ni kama springi: pistoni ikipanda huibana, ikishuka husukumwa nayo. Nguvu iliyotumika kubana hurudi karibu yote, na lori halizuiliki sana. Lakini vali ya moshi ikifunguliwa pistoni ikiwa inakaribia kilele, hewa ile hutoka, na hakuna kinachoirudisha nguvu. Injini imegeuka pampu inayoendeshwa na magurudumu. Kampuni ya Jacobs ilianza kuuza mtambo wa namna hiyo mwaka 1961, na vali zake zilisukumwa kwa oili ya injini yenyewe.

Sasa tutunge sentensi ambayo mfasiri angeweza kuiandika bila kosa lolote la sarufi: "Breki ya injini ikiwashwa, mafuta hukatwa, na shinikizo la mafuta hufungua vali, mafuta yakipungua, breki haitafanya kazi." Msomaji atauliza, na ana haki: yaliyokatwa yanafungua vali kwa shinikizo gani? Mafuta ya kwanza ni dizeli. Ya pili na ya tatu ni oili. Na dereva aliyesoma neno "breki" atakwenda kutazama chupa ya mafuta ya breki, ambayo hayahusiki hata kidogo. Ataikuta imejaa, ataridhika, ataondoka Soni. Hapa ufasaha wa mfasiri umemdhuru msomaji, maana mafundi wa gereji walikwisha kutenganisha dizeli, oili na mafuta ya breki, bila kusubiri kamati yoyote. Mfasiri ndiye aliyevirudisha vyote katika chungu kimoja, kwa kuona haya kuandika "oili".

Neno "haidroliki" nalo lina lake. Wapo wanaolifasiri "ya majimaji". Mbali na kumkumbusha mwalimu wa historia vita vya 1905, tafsiri hiyo inadokeza maji mahali ambapo hapana maji. Afadhali kusema wazi kwamba kinachosukuma ni oili. Faida yake huonekana tunapofika kwenye mitambo inayoifungua vali kwa nyenzo tupu, kwa mfano kwa shafti yenye nundu ya ziada inayosogezwa ili nundu hiyo ikutane na vali. Kuuita mtambo huo "breki ya injini isiyo ya haidroliki" ni kumtaja mgeni kwa kusema yeye si fulani. Fundi hajui afungue nini wala apime nini.

Kwa hiyo napendekeza tutaje kwanza kinachozuia mwendo, halafu kinachokiendesha. "Kushuka na gia" kubaki kitenzi, kwa kuwa hakuna kifaa kilichoongezwa. Kile kibati kiwe "breki ya bomba". "Breki ya moshi" si jina baya, ila wakati ule dizeli imekatwa na kinachopita ni hewa. Mtambo wa Cummins uwe "breki ya mgandamizo", ya oili au ya nyenzo kadiri ilivyo. Atakayesema kwamba kinachozuia ni kuuachia mgandamizo, si mgandamizo wenyewe, amesema kweli. Lakini jina likirefushwa hadi hapo halitatamkwa na mtu. Chombo cha giaboksi ndicho kigumu. "Kidhibiti mwendo" ni jina la kifaa kingine, kile kinachozuia basi lisizidi kasi iliyowekwa, na kuyachanganya hayo mawili kungekuwa hatari mpya. Mimi ningekubali "ritada", hata kama masikio ya baadhi yetu yatakereka.

Orodha kabla ya kuchapwa isomwe kwa sauti mbele ya madereva na mautingo pale Soni. Mmoja wao akiuliza "Mafuta gani?", irudishwe mezani.