Chungu Kilichokatwa Mdomo

Wenzangu kadhaa wamenilaumu: eti mtetezi wa Kezilahabi kama mimi sina haki ya kuzikataa picha dhahania za Ziwa Nyasa alizotundika mwanafunzi mwenzetu ukumbini, zikiwa na namba badala ya majina. Hoja yao ni kwamba Kichomi ilipotoka mwaka 1974, wanamapokeo walidai yasiyo na vina na mizani si mashairi, na kwamba mimi leo nafuata nyayo zao.

La hasha. Wao walilalamika kwamba kuna kitu kimepungua. Kezilahabi aliondoa vina, lakini alitupa taswira na fikra za kuhangaika nazo. Msomaji anatoka jasho na ujira anaupata. Katika picha hizi nimetafuta ujira huo nikaukosa.

Tuchukue Namba 3. Mistari ya udongo mwekundu juu ya uso wenye rangi ya mchanga, basi. Sisi wa Kyela hatuhitaji kuambiwa: ni ubavu wa chungu cha Wakisi. Wanawake wa Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, huvifinyanga kwa mkono, vikavushwa kwa mitumbwi hadi gulio la Jumamosi pale Matema, kisha vikasambaa Kyela mjini, Tukuyu na Mbeya. Sasa angalieni jamani: mistari ile yenyewe tayari ni sanaa dhahania. Haichori samaki wala mlima, na bado sijasikia mnunuzi gulioni akiuliza ina maana gani. Anaiona ikizunguka tumbo la chungu na kurudi ilikoanzia. Anakigeuza mkononi, anakigonga kusikia kama kina ufa. Mpiga picha amekata tumbo, amekata mdomo, ametuachia kiraka. Fani ya mtu mwingine ameifanya kuwa maudhui yake, halafu chini ameweka saini, na saini si ya mfinyanzi.

Watetezi wake hunitajia Alfred Stieglitz wa Marekani, aliyeanza mwaka 1922 kupiga picha za mawingu, nyingi zikiwa hazionyeshi hata ardhi. Sawa, lakini wingu halina fundi wa kudhulumiwa.

Ndiyo maana Namba 7 naipenda, tena sana. Ni wingu jeusi la wadudu wadogo wanaoibuka ziwani kwa mamilioni, ambao wenzetu wa Malawi huwaita nkhungu na kuwafanyia mikate. Ukisimama ufukweni hujui kama kile ni moshi au mvua inakuja, na picha inakuacha na shaka hiyohiyo. Hapo kamera haikukata kitu.

Mwenyewe amenijibu kwamba angeuacha mdomo wa chungu, Namba 3 ingekuwa kadi ya posta ya watalii. Huenda. Basi akipige kikiwa jikoni kwa mtu, kimejaa masizi, ndizi zinachemka.