Hongera kwa Wauza Miti Dawa

Mmaasai auzaye magome ya olkiloriti kando ya barabara ya Mai Mahiu, magome yachemshwayo katika supu ya nyama ili tumbo lisage vizuri, humweleza mteja matumizi yake waziwazi, pasi na kuficha ilimu. Na kwa ukarimu huo astahili pongezi zile zile anazostahili Nicholas Culpeper, tabibu na mnajimu wa London, ambaye mwaka 1649, madaktari wakubwa wakighadhibika, alifasiri kitabu chao cha dawa kutoka Kilatini, na mwaka 1652, miaka miwili kabla ya kufariki, akatoa kitabu cha mitishamba kwa peni tatu tu, ili fukara ajitibu kwa majani ya uani. Kila mmea aliunasibisha na sayari, jambo ambalo, nadhani, wanafalaki wa Lamu wangelisikiliza kwa adabu zaidi kuliko daktari yeyote wa Nakuru.